VMware Hands-on Labs kwa anayejiandaa na mtihani wa vitendo wa NSX

Mtihani wa VCAP-NV Deploy, wa cheti cha ngazi ya juu cha mitandao pepe, jinsi VMware ilivyoujenga, hauna maswali ya kuchagua jibu. Unafunguliwa mazingira kamili ya NSX (programu ya VMware ya kujenga mtandao pepe) yenye vCenter (kituo cha kusimamia seva), seva kadhaa za ESXi (mfumo unaoendesha mashine pepe) na mashine pepe zinazowaka, kisha unapewa kazi kumi na kadhaa za kufanya kwa mikono. Jenga segimenti (kipande cha mtandao) hii. Unganisha ruta hii na ile kwa BGP, itifaki ya ruta kupashana njia. Kundi hili la mashine haliwasiliani na lile, tafuta sababu na urekebishe. Unapewa zaidi ya saa tatu, na kufaulu ni alama 300 kwenye kipimo cha 100 hadi 500. Hakuna anayeuliza ulipitia menyu gani. Kinachopimwa ni hali ya mfumo ulivyouacha.

Kwa mtihani wa namna hiyo kusoma peke yake hakutoshi, na swali la kwanza la kila anayejiandaa ni mahali pa kufanyia mazoezi. Jibu linalotajwa kuliko yote ni VMware Hands-on Labs, maabara za bure zinazofunguka ndani ya kivinjari. Ni huduma nzuri, na kwa mtu asiye na seva nyumbani ni ya kushukuru kabisa. Ila ina tabia moja ambayo huwaangusha wengi: mwongozo ulio pembeni ya skrini hukushika mkono hatua kwa hatua mpaka unaamini unajua. Anayeifuata kama ilivyoandikwa anajifunza kubofya. Anayeufunga mwongozo, akabomoa na kujenga upya, anajifunza NSX.

Kwanza uelewe unajiandaa na nini. VMware iliinunua Nicira mwaka 2012, ikatoa NSX mwaka 2013, na tangu hapo bidhaa imebadilika sana: NSX-V iliyofungamana na vCenter ikaachwa, ikabaki NSX-T ambayo baadaye iliitwa NSX tu. Mtihani wenye namba 3V0-41.22 ulijengwa juu ya NSX-T 3.x. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023 na orodha ya vyeti imepangwa upya kufuata VMware Cloud Foundation. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote fungua ukurasa wa vyeti wa Broadcom, uone namba ipi iko hai, inapima toleo lipi, na ni ya vitendo au ya maswali. Enzi za VMware ada ya mitihani ya ngazi hii ilikuwa dola 450; si pesa ya kujaribia bahati. Ujuzi wenyewe haupotei hata jina la cheti likibadilika, maana kazi za Tier-0 (ruta pepe inayotoka nje), Tier-1 (ruta pepe iliyo chini yake), BGP na faiawoli ya kusambazwa (inayochuja kwenye kila mashine pepe) ziko palepale kazini.

Kuingia maabara ni rahisi. Unafungua akaunti, unatafuta maabara yenye neno NSX, unajiandikisha na kubofya kuanza. Namba ya maabara hukwambia umri wake: tarakimu mbili za mwanzo ni za mwaka wa mfululizo, kwa hiyo maabara inayoanza na 22 ni ya zamani kuliko inayoanza na 24. Linganisha na toleo la mtihani wako. Kwa mtihani wa 3.x, maabara mpya zaidi si lazima iwe bora, kwa sababu menyu zilihama kati ya 3.0, 3.2 na 4.x, na mikono yako huzoea mahali pa vitu.

Baada ya muda mfupi inatokea kompyuta, mara nyingi ya Windows, ndani ya kivinjari. Pengine utaona maandishi kwamba Windows haijaamilishwa. Yaache, hayahusiani na chochote. Kinachohusika ni kiashiria cha hali ya maabara kwenye skrini hiyo. Subiri kisome “Ready” ndipo uguse kitu. Ukianza mapema utakuta vCenter haijaamka au NSX Manager (seva ya kuisimamia NSX) inarudisha makosa, nawe utapoteza muda ukitafuta hitilafu ambayo si hitilafu. Ikiwa dakika tano zimepita na bado haijawa tayari, funga uanzishe nyingine. Saa inayohesabu muda uliobaki iko juu, na kuna kitufe cha kuongeza muda, kibofye mapema. Maabara ikiisha, kila ulichojenga kinafutwa, hakuna kuhifadhi.

Kuchapa ndani ya konsoli hiyo ndiko kero ya kwanza. Ukiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, mashine zenyewe ziko mbali, na herufi inachelewa kuonekana baada ya kubonyeza. Ukichapa haraka, herufi zinarudiwa au zinarukwa. Kwenye neno la siri lisiloonekana hilo ni balaa, na NSX Manager hutaka neno la siri la herufi zisizopungua 12, ndiyo maana maabara hizi hutumia VMware1!VMware1! badala ya lile fupi la vCenter. Kuna njia mbili za kujiokoa: kuburuta maandishi kutoka kwenye mwongozo na kuyadondosha ndani ya konsoli, au kutumia kisanduku cha kutuma maandishi. Zote zifanyie mazoezi, lakini usizitegemee. Mazingira ya mtihani yanafanana sana na haya, na kwenye mitihani ya Deploy baadhi ya vitufe, vikiwamo Ctrl, Alt na Backspace, vimekuwa havifanyi kazi kama ulivyozoea. Zoea kunakili na kubandika kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na kufuta kwa kuchagua maandishi kisha kubonyeza Delete. Jambo dogo, lakini ukiwa na wastani wa dakika 10 hadi 12 kwa kazi moja, kila dakika ya kupigana na kibodi inatoka kwenye kazi ya mwisho.

Kinachopatikana ndani ni kingi. Kwa kawaida unakuta programu ya tabaka tatu: web-01a, web-02a, app-01a na db-01a, kila tabaka kwenye segimenti yake, 172.16.10.0/24, 172.16.20.0/24 na 172.16.30.0/24. Tier-0 imeshaunganishwa na ruta ya nje, Edge (mashine zinazopitisha trafiki kwenda nje) ziko kazini, seva zimeandaliwa. Mwongozo utakutembeza: angalia hiki, ongeza kile, jaribu pingi, endelea. Pitia mara moja hivyo hivyo. Mara ya pili usifungue mwongozo kabisa.

Zoezi la kwanza la kujipa mwenyewe ni kujenga njia nzima kutoka kwenye mashine pepe hadi ruta ya nje, pembeni ya ile iliyopo. Tengeneza Tier-1 mpya, iunganishe na Tier-0, tengeneza segimenti ya 172.16.60.0/24 yenye lango 172.16.60.1/24, hamishia web-02a huko, uibadilishie anwani ya IP. Pingi kwenda lango itajibu. Pingi kwenda nje haitajibu, na hapo ndipo somo lilipo.

Sababu ya kawaida ni kwamba NSX inataka ruhusa mbili kabla njia haijatoka nje, na zipo sehemu mbili tofauti. Ya kwanza iko kwenye Tier-1, sehemu ya “Route Advertisement”, ambako unawasha “All Connected Segments & Service Ports”. Ya pili iko kwenye Tier-0, sehemu ya “Route Re-distribution”, ambako unaruhusu segimenti zilizounganishwa na Tier-1 ziingie kwenye BGP. Ukisahau yoyote kati ya hizo, kila kitu kwenye skrini kinabaki kijani huku trafiki ikifa. Kijani cha NSX maana yake ni kwamba kifaa kiko hai. Hakisemi lolote juu ya nia yako.

Kujua ni ipi umesahau, usirudi kubofya ovyo kwenye menyu. Ingia kwenye Edge kwa SSH, andika get logical-routers, tafuta mstari wa SERVICE_ROUTER_TIER0, soma namba yake ya VRF (jedwali lake la njia), kisha andika vrf na namba hiyo. Sasa andika get route. Orodha inayotoka ina alama mwanzoni mwa kila mstari: b ni njia iliyokuja kwa BGP, t0c ni iliyounganishwa na Tier-0, t1c ni iliyotangazwa na Tier-1. Tafuta 172.16.60.0/24. Kama haipo kabisa, kosa liko kwenye Tier-1, haikutangaza. Kama ipo na alama ya t1c lakini ruta ya nje haiioni, kosa liko kwenye Tier-0, haikuipitisha kwenye BGP. Kama ruta ya nje haioni njia yoyote kutoka kwako, andika get bgp neighbor summary uone kama hali ni Established. Isipokuwa hivyo, tatizo huwa kwenye namba ya AS ya jirani (inayotambulisha mtandao wake katika BGP), anwani ya jirani, au VLAN ya segimenti ya aplinki (kiungo cha kwenda nje). Amri nne, dakika mbili, na umeshajua pa kwenda. Rudia zoezi hili mpaka vidole viyajue bila kufikiri, kwa sababu karibu kazi yoyote ya ruta katika mtihani inazunguka hapo.

Ukimaliza, haribu kwa makusudi. Badilisha namba ya AS ya jirani kwa tarakimu moja. Ondoa tangazo la Tier-1. Weka VLAN isiyo sahihi kwenye segimenti ya aplinki. Bora zaidi mwombe mwenzako anayejiandaa aharibu kitu kimoja bila kukwambia, kisha ukae wewe kwenye kiti. Mwongozo wa maabara hizi hauna mazoezi mengi ya kutafuta hitilafu, na mtihani unayo. VMware iliwahi kuongeza mfululizo wa Odyssey unaotoa kazi bila hatua na kukagua wenyewe kama umefanya sawa. Huo ndio ulio karibu zaidi na mtihani kuliko kitu kingine chochote humu, na ukiuona kwenye orodha kwa upande wa NSX uuchukue kwanza.

Upande wa faiawoli maabara hizi zina nguvu kuliko upande mwingine wowote. Programu ya tabaka tatu imekaa tayari, na kila mabadiliko unayaona papo hapo kwenye kivinjari cha ndani. Jenga makundi kwa tagi, si kwa anwani. Andika kanuni tatu: kutoka nje kwenda web kwa poti ya 443, kutoka web kwenda app kwa poti yake tu, kutoka app kwenda db kwa poti yake tu, kisha kanuni ya kukataa yaliyobaki. Ziweke kwenye kategoria ya Application, na ujue kwamba Ethernet, Emergency, Infrastructure na Environment husomwa kabla yake, kwa mpangilio huo. Kanuni ya kuruhusu kila kitu iliyojificha kwenye Infrastructure itaifanya kazi yako yote ya chini kuwa bure, na ni mtego rahisi kuutega kwenye mtihani.

Makosa ya hapa yana sura zilezile. Hukubofya “Publish”. Sehemu ya “Applied To” imeelekezwa kwenye kundi lisilo sahihi. Mashine imo kwenye orodha ya zisizohusika na faiawoli. Tagi ya kwenye mashine na ile ya kwenye kigezo cha kundi zinatofautiana kwa herufi moja. Badala ya kukisia, nenda kwenye seva ya ESXi inayobeba mashine hiyo, andika summarize-dvfilter, na utafute jina la mashine. Chini yake kuna jina refu linaloanza na nic- na kuishia na vmware-sfw.2. Linakili, kisha andika vsipioctl getrules -f ukifuatisha jina hilo. Unachokiona sasa ni kanuni zilizofika kweli kwenye kadi ya mtandao ya mashine ile, wala si zile ulizodhani umeandika. Kanuni yako haimo? Rudi kwenye “Publish”, “Applied To” na orodha ya zisizohusika. Imo lakini haishiki? Andika vsipioctl getaddrsets -f na jina lilelile. Ukikuta kundi halina anwani hata moja, tagi yako haikulingana, au mashine imezimwa.

Maabara chache za kulipia zinakupa nafasi ya kufika chini kiasi hiki. Hizi zinakupa SSH mpaka kwenye ESXi, na kwa bure. Hapo hazina mpinzani.

Kisawazisha mzigo, NAT, DHCP na VPN vimo pia, ingawa si vyote katika maabara moja, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kuanza upya. Kwa kisawazisha mzigo kumbuka tu kwamba Tier-1 inayokibeba lazima ipewe klasta ya Edge. Bila hiyo hakuna mahali pa kukaa. Na kikiwekwa pembeni kwa mkono mmoja badala ya katikati ya njia, washa SNAT (kubadilisha anwani ya mtumaji) ya kiotomatiki kwenye kundi la seva, la sivyo majibu yatarudi kwa mteja kwa njia nyingine na muunganisho utakatika. Kwa NAT kwenye Tier-0 ya toleo la 3.x, chagua hali ya Active-Standby tangu mwanzo.

API, njia ya kuiamuru NSX kwa maandishi badala ya menyu, usiiache. Watu wengi wanaijua menyu na kuogopa curl, na kazi moja ya API inaweza kuwa tofauti ya kufaulu na kurudia. Kutoka kwenye mashine ya Linux ya ndani ya maabara, soma segimenti zako kwa GET kwenye /policy/api/v1/infra/segments, kisha badilisha moja. Ukitumia PUT lazima urudishe thamani ya _revision uliyoisoma, vinginevyo NSX inakataa ikidhani mtu mwingine ameshabadilisha kitu hicho. PATCH haidai hivyo, na kwa kazi ya haraka ndiyo salama zaidi. Mabano na koma za JSON ukizichapa kwenye konsoli inayochelewa zitakutoa jasho. Andika kwanza kwenye kihariri cha maandishi, kagua, ndipo ubandike.

Sasa upungufu, na ni mkubwa. Ukifika, nyumba imeshajengwa. Kusimamisha NSX Manager, kuunganisha vCenter, kuandaa seva, kusimamisha Edge na kuziunga klasta, yote hayo ama yameshafanywa au yanaonyeshwa kwa mwigo wa kubofya picha, ambamo bofyo lisilo sahihi halifanyi chochote. Mwigo huo unafaa kwa kuona sura ya skrini, basi. Hausomeshi kinachoharibika, na kazi ya usakinishaji ni sehemu ambayo karibu kila kitu huharibika kwa sababu ya namba.

Unaweza kujinasua kiasi ndani ya maabara hizi hizi. Kwa kuwa zinafutwa, hakuna cha kuhofia: hamisha mashine kutoka kwenye klasta moja, ondoa profaili ya nodi za usafirishaji (seva zilizoandaliwa kwa NSX), subiri seva zisafishwe, kisha ziandae upya kwa profaili uliyoitengeneza wewe, yenye IP pool (fungu la anwani) yako na profaili yako ya aplinki. Itachukua muda, konsoli itachechemea, lakini hii ni kazi halisi. Kusimamisha Edge ya ziada ni bahati nasibu, kwani kumbukumbu ya maabara imepimwa kwa kile kilichopangwa.

Suluhisho kamili ni maabara ya nyumbani ya ESXi ndani ya ESXi. Kompyuta moja yenye RAM ya GB 64 inatosha kwa kubana: vCenter 7 ya saizi ndogo kabisa GB 12, NSX Manager ya saizi ya Small GB 16 na vCPU 4, seva mbili za ESXi za ndani zenye GB 10 kila moja, Edge mbili za Small zenye GB 4 kila moja, na ruta ya VyOS ya GB 1. Jumla ni GB 57. Ukipata GB 128, pumua, na uzipandishe Edge ziwe Medium, yaani vCPU 4 na GB 8, kwa sababu Small imekusudiwa majaribio tu na itakubana kwenye huduma kama kisawazisha mzigo. NSX Manager inadai diski ya GB 300. Itenge kwa mtindo wa kujaa taratibu kwenye NVMe ya TB 1. Tazama kichakato kabla ya kununua. Edge inahitaji AES-NI na kurasa za kumbukumbu za GB 1, na kwenye matoleo ya 3.x vichakato vya AMD Ryzen vimewasumbua wengi, Edge inawaka lakini huduma yake ya kupitisha pakiti inakataa kuanza.

Kwenye swichi ya nje, ruhusu promiscuous mode na forged transmits kwenye kundi la poti linalobeba seva za ndani, au washa ujifunzaji wa MAC kama swichi yako ya kusambazwa ni toleo la 6.6 au zaidi. Bila hivyo seva za ndani zitapata pingi zenyewe lakini mashine zilizo ndani yake zitakuwa bubu.

Kisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Geneve, itifaki ambayo NSX hufungia pakiti ndani yake, inaongeza vichwa juu ya pakiti ya kawaida ya baiti 1500, kwa hiyo mtandao wa chini lazima ubebe angalau 1600, na ukiweza weka 9000 moja kwa moja kila mahali: swichi ya nje, VyOS, swichi ya kusambazwa, profaili ya aplinki. Ukisahau mahali pamoja, pingi ndogo itapita na ukurasa wa wavuti utaganda. Jaribu hivi kutoka kwenye seva ya ESXi: vmkping ++netstack=vxlan -I vmk10 -d -s 1572, ukimalizia na anwani ya TEP (ncha ya handaki la Geneve) ya seva nyingine. Namba 1572 inatokana na 1600 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP, na -d inakataza pakiti kukatwakatwa. Netstack bado inaitwa vxlan hata kwenye NSX-T, kwa hiyo usihangaike kutafuta geneve. Jaribio likipita kwa -s 1472 na kushindwa kwa 1572, umeshampata mwizi: MTU.

Hesabu IP pool ya TEP kabla ya kuandaa seva. Ukiwa na aplinki mbili zinazogawana mzigo, kila seva inachukua anwani mbili na kila Edge mbili. Seva mbili na Edge mbili ni anwani nane. Pool ya anwani tano itaandaa baadhi na kuziacha nyingine njiani, na ujumbe wa kosa hauwi wazi sikuzote.

VLAN ya TEP nayo ina mitego miwili. Ukiiweka kwenye profaili ya aplinki na pia kwenye kundi la poti ambalo Edge imeunganishwa, pakiti inapewa lebo mara mbili na inapotea. Weka kundi la poti kama tranki na uache profaili iweke lebo. Mtego wa pili: Edge ikikaa kwenye seva iliyoandaliwa kwa NSX, na ikatumia kundi la poti la swichi ileile, TEP zake zisikae VLAN moja na TEP za seva. Mahandaki hayatasimama. Zitenganishe kwa VLAN mbili na uzipitishe kwenye VyOS, au kuanzia 3.1 tumia segimenti ya tranki ya NSX yenyewe kwa aplinki za Edge.

Bakapu fanya pia nyumbani, kwa sababu ni kazi fupi ambayo watu huiruka. NSX hutuma bakapu kwa SFTP, na inadai alama ya kidole ya ufunguo wa seva hiyo. Toa ya ECDSA, si ya RSA, la sivyo itakataa huku jina na neno la siri vikiwa sahihi.

Leseni ndiyo kikwazo cha maabara ya nyumbani kwa sasa. Kipindi cha majaribio ni siku 60, kwa hiyo usisimamishe chochote kabla hujapanga muda wa kusoma. Uanachama wa VMUG Advantage, wa jumuiya ya watumiaji wa VMware, ulikuwa njia rahisi ya kupata leseni za mwaka. Chini ya Broadcom leseni hizo hupewa mwanachama mwenye cheti cha VCP cha vSphere Foundation au Cloud Foundation. Ikiwa mwajiri wako ana NSX, njia nyepesi ni kuomba mashine moja ya majaribio kazini, mbali na mifumo inayotumika.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu. Anza na Hands-on Labs mpaka uweze kujenga Tier-1, segimenti, BGP na kanuni za faiawoli bila kugusa mwongozo. Hapo ndipo uwashe maabara ya nyumbani na kuhesabu siku zake 60, uitumie kwa usakinishaji, TEP, Edge na bakapu tu, uibomoe na kuisimamisha upya. Wiki ya mwisho rudi Hands-on Labs, jiandikie kazi kumi na mbili kwenye karatasi, weka saa ya dakika 12 kwa kila moja, na kazi inayokataa baada ya muda huo iruke uende nyingine. Zile zinazotegemeana, kama segimenti inayohitajika na kisawazisha mzigo baadaye, zisome zote mwanzoni uzitie alama, kwa sababu ukiiruka ya kwanza ya pili haina pa kusimama.